Runinga ya OLED au monita ya gemu? Pima keja yako kwanza

Tuseme umejinyima mwaka mzima. Ijumaa wenzako wakienda kujivinjari, wewe ulirudi keja ukakaanga mayai. Zamu yako ya chama imefika, na sasa una laki moja na kitu kwenye simu. Unataka skrini ya OLED, si hadithi. Ukiingia maduka ya Luthuli Avenue, muuzaji anakuvuta hadi kwenye runinga kubwa inayoonyesha samaki wa rangi rangi. Ukirudi kwenye simu, kijana fulani wa YouTube anaapa kwamba mchezaji wa kweli hununua monita. Wote wawili wanajua bei. Hakuna aliyekuuliza kitanda chako kiko wapi, meza unayo au huna, na wewe hushinda ukifanya nini mbele ya hiyo skrini.

Basi acha nikuulize mimi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huangusha pesa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Runinga nyingi mtaani ni zile za LED, ambazo zina taa nyuma ya kioo. Hata picha ikiwa nyeusi, taa bado inawaka, ndiyo maana usiku unaona weusi ulio kama majivu. OLED haina taa nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe, na skrini ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8. Panapotakiwa giza, pikseli inazima kabisa. Ukicheza gemu ya kutisha saa sita usiku, giza la kwenye korido linaungana na giza la chumba chako, na hapo ndipo utajua huna ujasiri uliodhani unao. Tena pikseli hizi hubadilika haraka sana, kwa hivyo mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma yake.

Runinga na monita za OLED zinatumia teknolojia hiyo hiyo. Hata kampuni zinazotengeneza vioo vingi vya skrini kubwa za aina hii ni mbili tu, LG Display na Samsung Display, nazo huuzia pande zote mbili. Kwa hivyo usidanganywe kwamba moja ina "rangi za kweli" na nyingine haina. Tofauti iko kwenye saizi, matundu ya nyaya, na maisha ambayo kifaa kilitengenezewa.

Tuanze na saizi. Monita nyingi za OLED ni inchi 27, 32, au zile ndefu za inchi 34. Runinga ya OLED ndogo kabisa unayoweza kuipata kirahisi ni inchi 42, kisha 48, 55 na kuendelea. Inchi 42 kwa maneno ya duka ni ndogo. Sasa iweke juu ya meza ya sentimita 60 ukae mbele yake: ina upana wa karibu sentimita 93. Ramani ndogo iko pembe moja, idadi ya risasi iko pembe ya pili, na shingo yako inageuka kama ya mtu anayetazama tenisi. Ukiwa umekaa kitandani mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani, skrini hiyo hiyo ni tamu kabisa. Kinyume chake pia ni kweli. Monita ya inchi 27 ukiitazama kutoka kitandani utaanza kukunja macho kusoma matokeo ya mechi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, chukua futi ya fundi nguo upime kutoka mahali macho yako hukaa hadi mahali skrini itakaa. Kama haifiki mita moja, wewe ni mtu wa monita. Kama inazidi mita moja na nusu, wewe ni mtu wa runinga. Walio katikati ndio wenye shida, na huko ndiko inchi 42 imewaokoa baadhi, mradi meza yao ni pana na wanaweza kuisukuma nyuma.

Sasa tuje kwa mashine unayochezea, maana hapa maneno ya kwenye boksi hupumbaza sana. Monita itajigamba kwa Hz 240, yaani inaweza kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Runinga nyingi za OLED za miaka ya karibuni zinafika 120 au 144. Kwa kusikia tu, 240 imeshinda. Lakini PS5 haipiti 120. PS4 inaishia 60. Hata kwenye PS5, gemu nyingi tunazozipenda huku haziendi huko juu: Tekken 8 imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, na hutaiongezea fremu hata uwe na skrini ya rais. Fortnite na Call of Duty: Warzone ndizo zinaweza kufika 120 kwenye PS5. Kwa hivyo kama una PlayStation pekee, hiyo 240 umelipia barabara ambayo gari lako haliwezi kukimbia.

Kuna mtego mwingine kwa watu wa PS5. Zile monita ndefu za inchi 34 ni nzuri kwa macho, ila PlayStation haijui umbo hilo. Utapata mistari miwili myeusi kando na picha katikati, umelipia nafasi usiyoitumia. Na kama unachukua monita ya inchi 27 yenye ukali wa 1440p, PS5 inaikubali tangu mwaka 2022, lakini angalia tundu la HDMI liwe 2.1. Kwa tundu la zamani, kile kipengele cha kulinganisha mwendo wa skrini na mwendo wa gemu hakitafanya kazi kwenye PS5.

Upande wa kompyuta hadithi inageuka. Kama una kompyuta yenye kadi nzito ya grafiki na unacheza zile gemu za kupigana risasi ambazo aliyeona wa kwanza ndiye anayebaki hai, monita ina maana. Kwa Hz 60 picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 16.7. Kwa 120 ni 8.3. Kwa 240 ni 4.2. Kuruka kutoka 60 hadi 120 utakuhisi siku ya kwanza bila kuambiwa. Kutoka 120 hadi 240 ni wachache wetu wanaohisi, na wengi wao wanacheza kwa pesa. Mimi si mmoja wao, nilishakubali.

Na kama ni laptopu ile uliyochukua ya mtumba kutoka Uingereza, tulia kidogo. Nyingi za zamani zina tundu la HDMI la toleo la 1.4, ambalo kwa picha ya 4K haliendi zaidi ya Hz 30. Utaunganisha OLED ya laki na zaidi, kisha kishale cha mauzi kitembee kama kimebeba gunia. Hapo shida si skrini.

Binamu yangu alinifunza somo la kuchomeka kwa picha, na ada alilipa yeye. Anafanya kazi za mtandaoni, zile za kusikiliza sauti na kuandika maneno. Alinunua runinga ya OLED ya inchi 48, akaifanya skrini ya kazi mchana na ya mpira usiku. Mwaka na nusu hivi baadaye tulikuwa kwake tukitazama mechi, na chini kabisa kwenye nyasi za uwanja ukaonekana ukanda hafifu, na ndani yake vivuli vya vidude vya mraba. Ni ule mstari wa kompyuta wa chini, wenye saa na alama za programu. Ulikuwa umewaka mahali pamoja saa nane hadi kumi kila siku, pikseli za pale zikachakaa haraka kuliko wenzao. Alirudi dukani na risiti. Wakamwambia waranti haihusu hilo. Na kweli, kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa maandishi ya kuchosha macho.

Pikseli za OLED zimetengenezwa kwa kemikali zinazopoteza nguvu kadri zinavyowaka. Filamu, gemu tofauti tofauti, mechi, hizo hazina noma kwa sababu picha inahama. Hatari ni kitu kisichosogea: mstari wa kompyuta, nembo ya kituo, utepe wa habari unaokaa chini ya skrini kutwa nzima, au gemu moja unayoicheza kila siku ikiwa na ramani yake pembeni. Hapa watengenezaji wa monita wamejifunza. Wanajua utaitumia na kompyuta, kwa hivyo baadhi yao hutoa waranti ya miaka 3 inayotaja kuchomeka waziwazi. Upande wa runinga ahadi kama hiyo ni nadra. Soma karatasi ukiwa bado dukani. Na kama kifaa kililetwa na mtu kwa sanduku kutoka Dubai, uliza ni nani atakayekihudumia hapa Kenya. Waranti inaweza kuwa ilibaki huko huko.

Lakini kuna jambo ambalo hata muuzaji hakwambii, nalo linatuhusu sisi kuliko watu wa ng'ambo. Mathe alikufunza kuzima TV ukutani kabla ya kulala. Kwa runinga ya zamani ni tabia njema. Kwa OLED, unaiua polepole. Skrini hizi zina kazi ya usafi zinayoifanya zenyewe baada ya kutumika kwa saa kadhaa, mara nyingi saa 4 kwa jumla. Ukiizima kwa rimoti, inakaa giza, kumbe ndani inapima pikseli na kusawazisha zilizochoka. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, ila inahitaji stima. Ukizima swichi ya ukutani kila usiku, hiyo kazi haifanyiki hata siku moja. Kwa monita ni vivyo hivyo, na nyingi hukuonyesha ujumbe wa kukuomba uiruhusu. Usiukatae kila mara kwa sababu uko katikati ya mechi.

Stima ikipotea mara moja moja si balaa, skrini itafanya usafi siku nyingine. Kama mtaa wenu taa huruka ruka, nunua kifaa cha kukinga stima inayopanda ghafla, na radi ikianza kupiga chomoa kabisa. Lakini usiku wa kawaida, izime kwa rimoti uiache. Tokeni itakayokula ikiwa imelala ni kidogo mno. Utalazimika kumweleza mathe akija kukutembelea, na sikuahidi kwamba atakuelewa.

Halafu kuna mambo madogo yanayoumiza mfuko baadaye. Monita haina king'amuzi ndani, haina programu za filamu, na nyingi hazina spika za maana. Ukiongeza spika na king'amuzi, ile tofauti ya bei uliyoifurahia imeyeyuka. Runinga inakuja na vyote hivyo, ila kumbuka kuwasha hali ya gemu. Bila hiyo runinga hurembesha picha kwanza kabla ya kukuonyesha, na wewe unabonyeza pasi leo inatoka kesho. Nimeona wasee wakilaumu padi kwa kosa la mpangilio wa TV.

Angalia pia dirisha lako. OLED hupendeza gizani. Chumba chenye jua la mchana na pazia jepesi kitakunyima nusu ya utamu, na zile aina zinazoitwa QD-OLED weusi wao hugeuka kijivu chenye uzambarau kidogo mwanga ukizipiga. Kama huwa unacheza mchana na dirisha liko nyuma yako, nunua pazia zito kabla ya skrini.

Mimi ningefanyaje? Kwa keja ya chumba kimoja yenye PS5, kitanda na marafiki wanaokuja wikendi, ningechukua runinga, inchi 48 au hata 42, nikaitundika ukutani na nisiiguse kwa kazi ya ofisi. Kwa mwanafunzi au mtu wa kazi za mtandaoni mwenye kompyuta kali na meza yake, ningechukua monita ya inchi 27 yenye waranti ya kuchomeka, nikaficha ule mstari wa chini, nikaweka skrini ijizime baada ya dakika 5. Na kwa mwenye PS4 au laptopu ya kawaida, pole, mimi ningeweka OLED kando kwanza. Monita nzuri ya kawaida itakutosha, na pesa zinazobaki zitakuanzishia mashine mpya.

Kama umepata ofa, hasa ile ya "ilikuwa ya maonyesho" au ya mkono wa pili, usikubali kuonyeshwa samaki wa rangi. Skrini ya maonyesho huenda imewaka mwanga wa juu kabisa kutwa nzima kwa miezi, nembo ya kampuni ikiwa pembeni. Mwambie muuzaji akuwekee picha ya rangi moja ijaze skrini yote: kijivu, kisha nyekundu, kisha manjano. Utazipata kwenye simu yako kwa sekunde mbili. Rudi nyuma hatua tatu, tazama pembe zote nne na ukanda wa chini, halafu mwombe azime taa za hapo karibu. Ukiona kivuli cha herufi, au akianza kukwambia simu yake haina bando, mwachie skrini yake uende duka linalofuata.