Sheria ya Jamaa (3): Nani Anavunja Ndoa?

Wiki iliyopita tuliongelea mahari ya kuoa. Leo ni mahari inayorudishwa. Hapa Kalemie wengi wanaamini kwamba wakwe wakiisha kuirudisha, ndoa imekwisha. Wazee wanakaa, wanahesabiana, kila upande unarudi kwake. Kumbe mbele ya sheria, wale wawili wangali mume na mke.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inakataza mume kumfukuza mke na kuita hiyo talaka. Hata wakipatana wote wawili kuachana, mapatano hayo hayavunji ndoa. Tribinali peke yake ndiyo inayoivunja, na anayeoa tena kabla ya hukumu anajitafutia kesi.

Zuze wa tribinali naye haanzi na swali la nani mkosaji. Anatafuta kujua kama nyumba ile bado inakalika, au imeharibika kabisa hata haitengenezeki. Kipigo, matusi mbele ya wakwe, uzinzi, kumnyima mke pesa ya chakula: hayo yote ni mambo ya kumsadikisha, si tiketi ya talaka. Anayefika na neno moja tu, “nimechoka naye”, hajaleta kitu. Alete karatasi ya muganga, alete jirani aliyesikia kelele usiku.

Kuna na yule aliyekwenda kuchimba Manono, akanyamaza. Mmoja akijitenga na mwenzake miaka 3, sheria inachukulia kwamba ndoa imeharibika, mpaka ionyeshwe vingine. Ng’ambo ya ziwa, Kigoma, sheria ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inahesabu miaka 3 kwa aliyemtoroka mwenzake. Lakini kule, kwa kawaida, watu wanapitia kwanza baraza la usuluhishi. Kwetu, mkuu wa tribinali ya amani mwenyewe anawaita na kujaribu kuwapatanisha.

Hatua hiyo ni nzuri, maana nyumba nyingi zinavunjika kwa hasira ya siku moja. Ila mwanamke aliyevunjwa mkono asisukumwe na wajomba kurudi kwa aliyemvunja, eti kwa ajili ya heshima ya jamaa. Hapo mimi siko pamoja na wazee.

Mama, baba, tunzeni karatasi ya ndoa na za hospitali. Wiki ijayo: mali na watoto.