Pembe Ndogo, Uamuzi Mkubwa: Trigonometria katika Kipimo cha Mishipa ya Shingo

Mgonjwa anayepimwa mishipa ya shingo kwa altrasaundi ya Doppler humwona mpimaji akiinamisha kifaa anachokishika, kisha akizungusha mstari mdogo kwenye skrini mpaka uwe sambamba na mshipa. Huko ndiko kufanya hesabu ya trigonometria, na jibu lake huweza kuamua kama mgonjwa atapelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1842 Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, alieleza kwamba mitetemo ya wimbi linalopokewa hubadilika chanzo chake kinaposogea. Ndivyo ubadilikavyo mwangwi unaorudishwa na seli nyekundu za damu. Hata hivyo, mashine hutambua tu sehemu ya mwendo inayofuata mwelekeo wa mwale wa sauti. Hapo jiometri hukutana na aljebra: ili kupata kasi halisi, sehemu hiyo hugawanywa kwa kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwale na mkondo wa damu. Kalkulasi nayo ina nafasi yake. Kwa njia iliyotokana na kazi ya Joseph Fourier ya mwaka 1822, mwangwi huchambuliwa kuwa mawimbi sahili ya saini na kosaini, na seli ziendazo kasi hutofautishwa na ziendazo polepole.

Hatari imo katika tabia ya kosaini. Pembe halisi ikiwa nyuzi 0, kukosea kwa nyuzi 5 hakuleti tofauti ya hata asilimia 1. Lakini kosaini ya nyuzi 60 ni 0.50, na ya nyuzi 65 ni 0.42. Damu ikienda sentimita 200 kwa sekunde kwa pembe ya nyuzi 60, mpimaji akaweka 65, mashine itasoma takriban 237. Katika vigezo vinavyotumika sana, kasi inayozidi 230 huashiria kwamba mshipa umeziba kwa asilimia 70 au zaidi. Kwenye nyuzi 90 kosaini ni sifuri, na mshipa ulio wazi huweza kuonekana kana kwamba hauna mkondo.

Kwa hiyo mpimaji asivuke nyuzi 60, aandike pembe aliyotumia, na kipimo cha marudio kifanywe kwa pembe ileile. Mgonjwa naye, akiombwa kutulia na kutogeuza shingo, aelewe kuwa anasaidia kupatikana kwa jibu sahihi.