Transfa isikilizwe kabla ya kupatana bei

WANUNUZI wa magari yaliyotumika ya magurudumu manne mkoani Kigoma hupoteza fedha kwa njia mbili: kulipa bei ya gari zima wakati transfa ni mbovu, au kukataa gari zuri lililosingiziwa ubovu huo.

Transfa ni kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi. Hugawa nguvu ya injini kwa propela ya mbele na ya nyuma.

Kidahwe ndipo lami itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, moja kwenda Kasulu na nyingine Uvinza. Dereva atokaye vijijini kwenye tope huingia lami hapo akisahau kuachia gia ya magurudumu manne. Land Cruiser nyingi za kazi hazina difu ya katikati, hivyo kwenye kona propela mbili hukazana. Usukani huwa mzito na mkono wa transfa hugoma kutoka. Huo si ubovu. Gari lirudishwe nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, na mara nyingi mkono huachia. Tairi zisizolingana ukubwa hutoa dalili hiyo hiyo, na dalali hatalitaja hilo.

Land Rover Defender huvuta magurudumu yote wakati wote na ina difu ya katikati. Huko kinachosahaulika ni kufuli ya difu hiyo.

Kuhusu mlio, gari likiwa katika mwendo klachi ikanyagwe. Mlio ukiendelea, giaboksi isilaumiwe kwanza. Zikaguliwe krosi za propela, beringi za magurudumu, difu, kisha transfa. Krosi iliyolika hugonga gari linapoondoka, na ni kazi ndogo kwa fundi.

Dalili ya gharama kubwa ni mkono kuruka wenyewe dereva anapoachia mafuta mteremkoni. Hapo meno ya gia au uma unaoyasukuma vimelika, na transfa lazima ishushwe.

Aidha, oili ipimwe kwenye giaboksi na transfa, zote mbili. Ikipungua giaboksi na kuzidi kwenye transfa, sili iliyo kati yao imekatika. Sili yenyewe ni rahisi, lakini kuifikia ni kazi ya siku nzima au zaidi. Muuzaji anayeongeza oili tu anamwachia mnunuzi beringi za giaboksi zinazokauka.

Oili yenye vipande vya chuma ni habari nyingine. Mnunuzi akilitaka bado gari hilo, apunguze kwenye bei thamani ya transfa nyingine pamoja na ufundi, na aulizie kwanza kama spea ya modeli hiyo ipo Kigoma. Ikiagizwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na muda wote huo gari halizalishi.