Herufi za Risasi na Lugha ya Kinna

Mtoto wa Kinna, mji wa wafugaji nchini Kenya, aliyewahi kuona ng'ombe wakitiwa chapa ya moto anaijua tayari kanuni ya kwanza ya uchapaji: chuma hufuliwa kinyume ili alama isomeke sawasawa kwenye ngozi. Kanuni hiyo ndiyo humpokea mgeni katika karakana ya Makumbusho ya Gutenberg huko Mainz, Ujerumani. Humo watu hawaishii kutazama mitambo. Hupanga herufi, hupaka wino, huchapa ukurasa wao wenyewe.

Kila herufi ni kijiti cha madini chenye umbo lililogeuzwa kichwani. Madini hayo ni mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi peke yake huyeyuka kwa urahisi lakini ni laini mno. Antimoni huipa ugumu wa kustahimili mgandamizo wa mtambo. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake katika miaka ya 1450, siri yake kubwa ilikuwa kalibu iliyomwezesha kusubu herufi nyingi zenye kimo kimoja, zikakaa sambamba na kutumika tena na tena.

Mpangaji huokota herufi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vijumba, akizitia katika kishikio cha chuma. Huanzia kushoto, lakini mstari humkalia juu chini, na b, d, p na q humchanganya kila anayeanza. Hata nafasi kati ya maneno ni kipande cha madini cha kuokotwa. Hayo hayaeleweki vyema kwa kusimuliwa. Vidole ndivyo hufundisha.

Wenyeji wengi wa Kinna huzungumza Kiborana, tawi la Kioromo, na lugha hii ina historia yake ya risasi na wino ambayo kwa maoni yangu haisimuliwi vya kutosha. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Uswidi walikuwa na mtambo wa kuchapa huko Moncullo, karibu na Massawa, katika Eritrea ya leo. Onesimos Nesib, Mworomo aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, alipata uhuru wake Massawa mwaka 1870, na baadaye akawa mfasiri. Aster Ganno, naye aliyeokolewa kutoka utumwani, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu: hadithi, methali, vitendawili na nyimbo za Waoromo zilimtoka kinywani hadi kwenye karatasi. Mwaka 1893 Agano Jipya la Kioromo lilichapwa Moncullo. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha kusomea chenye mavuno ya Aster. Biblia nzima ilichapwa St. Chrischona, Uswisi, mwaka 1899. Kinna ni mji wenye Waislamu wengi, lakini urithi wa lugha iliyowekwa kitabuni na watu waliotoka utumwani ni wa kila anayeizungumza.

Vitabu hivyo vilitumia hati ya Kihabeshi, na hapo ndipo kazi ya mpangaji ilipokuwa nzito. Hati hiyo ina alama zaidi ya 200, kwa kuwa kila konsonanti hubadilika umbo kufuata irabu yake. Sanduku la herufi huwa kubwa, na mkono husafiri mbali kwa kila silabi. Isitoshe, hati haionyeshi konsonanti zinazokazwa, ilhali katika Kioromo mkazo huo hubadilisha maana. Mwaka 1991 alfabeti ya Kilatini iitwayo qubee iliidhinishwa rasmi kwa Kioromo nchini Ethiopia.

Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiborana akifika Mainz, herufi za Kilatini zilizomo sandukuni zinamtosha kuchapa sentensi ya lugha ya mama yake. Aombe tu a za ziada kabla hajaanza kupanga, kwa sababu qubee huandika irabu ndefu mara mbili, na kijumba cha a kitakuwa cha kwanza kubaki kitupu.