Je, Wajua? "War" ulianzia Umoja wa Mataifa

Wimbo "War" wa Bob Marley, uliotoka 1976, karibu wote ni hotuba ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliyoitoa Umoja wa Mataifa, New York, Oktoba 1963. Hoja yake: ubaguzi usipokufa, vita haviishi. Alitaja Angola, Afrika Kusini na Msumbiji, ambayo chama chake cha ukombozi, Frelimo, kiliasisiwa Dar es Salaam 1962. Hata reli ya TAZARA, inayokatiza bonde la Kilombero kupitia Ifakara, ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizoshikwa na tawala za kibaguzi. Tawala hizo zimeanguka zote, ila vita havijaisha: mashariki mwa Kongo risasi bado zinalia. Msomaji wa Sanje, ukiusikia wimbo huu tena redioni, sikiliza maneno, si besi tu.