Maji ya visima vya mafuta: yanafaa kumwagilia?

Vijana wenzangu, swali hili naulizwa sana. Mafuta yakichimbwa hutoka na maji, mara nyingi mengi kuliko mafuta yenyewe. Kule Kern, California, wakulima wa lozi na machungwa wanayatumia tangu miaka ya 1990. Yanatenganishwa na mafuta, yanachujwa kwa maganda ya jozi yanayonasa mabaki, halafu yanachanganywa na maji ya kawaida.

Ila tusidanganyike: mchujo huo unaondoa mafuta tu, chumvi na boroni zinabaki. Kern wanaweza kwa sababu maji yao yana chumvi kidogo. Kwingine yanaizidi bahari kwa chumvi, na kuitoa ni ghali mno.

Kwa hiyo ukiletewa maji haya, usiangalie weupe wake. Dai majibu ya maabara:

- Chumvi (EC): chini ya 0.7 dS/m hamna shida. Ikizidi 3, achana nayo.
- Boroni: isizidi 0.7 mg kwa lita. Michungwa huumia mapema.
- Sodiamu: ikizidi, udongo wa mfinyanzi unaziba, maji hayapenyi.
- Mabaki ya kemikali na metali nzito.

Maji utapewa bure, lakini udongo ukishaingia chumvi, kuurudisha ni kazi ya miaka, na gharama ni yako.