Wagonjwa Wawili, Ua Mmoja

Kabla ya upasuaji hospitali hukuuliza mengi: mara ya mwisho ulikula saa ngapi, unatumia dawa gani, nani atakuja kukuchukua siku ya kuruhusiwa. Nani atamlisha mbwa, hakuna anayeuliza. Kwa mkazi wa Bombolulu mwenye mbwa aliyelinda lango lake tangu watoto wakiwa shule ya msingi, na sasa watoto hao wanafanya kazi Nairobi, swali hilo lingestahili kuwa kwenye fomu. Sisi madaktari wa mifugo ndio tunaoulizwa, na kwa kawaida tunaulizwa kwa kuchelewa. Simu inapigwa siku ya tatu baada ya mtu kushonwa, naye anasimama kwa kushika ukuta huku mbwa akilia uani kwa sababu hawezi kuinuka.

Tuanze na umri wa huyo mbwa, maana wengi wetu tunamdhania kijana kuliko alivyo. Ile hesabu ya kuzidisha miaka yake kwa saba haina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa alama za kikemikali zinazojipanga kwenye vinasaba kadiri mwili unavyozeeka. Walipima mbwa 104 wa aina ya Labrador na kuwalinganisha na binadamu. Mbwa wa mwaka mmoja alilingana na mtu wa miaka 31 hivi, wa miaka 10 akalingana na mtu wa miaka 68, na wa miaka 12 na mtu wa 71. Mbwa wetu wa kienyeji si Labrador, kwa hiyo tarakimu zisichukuliwe kama cheti cha kuzaliwa. Mwelekeo wake lakini ndio ninaouona kila siku: mbwa huzeeka mbio utotoni, kisha polepole, na akifika miaka 12 ana maungo ya mzee, meno ya mzee, figo za mzee.

Sasa mweke huyo kando ya mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri, tezi dume au kujifungua. Ngozi hufunga mapema na humdanganya mwenyewe. Ndani, baada ya wiki 3, sehemu iliyoshonwa huwa imerudisha kama theluthi moja tu ya nguvu zake za awali. Baada ya miezi 3 hufika karibu asilimia 80, na kwa kawaida haizidi sana hapo. Ndiyo maana madaktari wengi humwambia mgonjwa wa upasuaji wa tumbo asiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5 kwa wiki 4 hadi 6. Mbwa wa kawaida wa ua hapa Kisauni ana kilo 15 hadi 20. Ni ule mtungi wa maji wa lita 20 unaoletwa na mkokoteni, ambao hakuna mwenye akili timamu angekuruhusu kuubeba ukiwa na nyuzi tumboni. Mtungi watu wanauogopa. Mbwa hawamwogopi, kwa sababu anapolia mkono hunyooka kabla ya akili kufikiri.

Mzee mmoja wa mtaa huu aliniambia, "Mwanangu, simbebi. Namsaidia miguu ya nyuma tu, ya mbele anayo." Mbwa wake ana baridi yabisi ya nyonga. Njia aliyoitumia ni nzuri, nami huifundisha mwenyewe. Unakunja leso kwa urefu mpaka ibaki na upana wa kiganja, unaipitisha chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, unashika ncha mbili juu ya mgongo, kisha unatembea ubavuni mwake taratibu. Akiwa dume, sogeza leso isimbane anapokojolea. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma, kwa hiyo leso inambakishia kazi anayoiweza na kumpunguzia ile inayomshinda. Lakini tufanye hesabu, mzee. Asilimia 40 ya kilo 20 ni kilo 8. Tayari umepita ulichoruhusiwa, na mbwa akiteleza uzito wote unakujia kwa mpigo, nawe unakaza tumbo bila kutaka. Katika wiki hizo hata leso ni ya mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ndiye ninayemtafuta katika kila kisa cha aina hii. Mgonjwa hujiuliza atamhudumiaje mbwa akiwa hajapona, nami humjibu kwamba hatamhudumia. Atakaa kwenye kiti barazani na kusimamia. Kazi ya mikono ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anatakiwa kuanza wiki moja kabla ya upasuaji, si siku ya kurudi kutoka hospitali. Mbwa mzee aliyepungukiwa na macho na masikio humtambua mtu kwa harufu na mazoea. Akiguswa ghafla usingizini na mkono asioujua anaweza kung'ata, hata kama hajawahi kung'ata maishani mwake. Kijana wa jirani aje siku kadhaa mfululizo mwenye mbwa akiwapo. Ashike bakuli, apige mguu chini kabla ya kumkaribia ili mbwa asikie mtikisiko, aoneshwe mahali panapouma pasipoguswa.

Hapa Pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Jirani mwema kuliko wote anaweza kuwa Mwislamu, na Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kumwomba mtu huyo amfute mbwa mdomo ni kumweka pabaya bila sababu, na adabu itamzuia kukataa. Kumwomba ammiminie maji na kumwekea chakula ni jambo jingine kabisa. Kisa cha mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, watoto husimuliwa madrasa. Basi gawa kazi ukijua hilo. Bakuli likae penye nafasi, maji yamiminwe kwa kopo la mkono mrefu, na kazi za kushika mwili, yaani leso, kupe na dawa, apewe mtu asiye na kizuizi. Nimeona ua ambapo majirani wawili waligawana hivyo na mambo yakaenda vizuri kuliko mwenye mbwa alipokuwa mzima.

Sasa mfuko wa dawa. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu linafanywa kwa huruma. Mgonjwa anarudi nyumbani na paracetamol, ibuprofen au diclofenac. Anaona dawa inamtuliza maumivu, anamtazama mbwa anayechechemea, anamtilia nusu kidonge kwenye ugali. Ibuprofen na diclofenac humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuziumiza figo ambazo kwa mbwa mzee zimechoka tayari. Paracetamol ikizidi huharibu ini lake na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Dalili hazichelewi: kutapika, pengine damu, kinyesi cheusi kama lami, ufizi uliogeuka rangi. Dawa iliyo salama kwa mwili mmoja si salama kwa mwingine. Ushahidi mkubwa wa hilo ulitoka Asia Kusini, ambako tai mizoga walikufa mpaka wakakaribia kutoweka. Mwaka 2004 wanasayansi walionesha kwamba tai wa Pakistan walikuwa wanaharibika figo kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diclofenac, na mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Kwa mbwa zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mwili wake, hupimwa kwa kilo zake, na kabla ya kumwanzishia mzee tunapenda kuangalia figo kwanza. Mfuko wako wa hospitali utundike msumarini, juu.

Na mbwa naye asikutibu. Wapo wanaoamini ulimi wa mbwa ni dawa ya kidonda, ati mbona yeye hujilamba akapona. Mate yake yana uwezo kidogo wa kuua baadhi ya vijidudu, hilo ni kweli, lakini kinywani humo humo wanaishi bakteria kama Pasteurella na Capnocytophaga, ambao wakiingia kwenye kidonda kibichi wanaweza kuleta maambukizi mabaya. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari na kwa aliyeondolewa wengu. Aliyeondolewa wengu anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache, na akimuona daktari na ataje kwamba ana mbwa. Kwa wengine inatosha kidonda kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumgusa, na mbwa asilale kitanda kimoja nawe. Kwetu mbwa wengi hulala nje, kwa hiyo hilo la mwisho ni la nyumba chache.

Kuanguka hatukufikirii sana. Marekani walipohesabu majeraha yaliyofikishwa vyumba vya dharura kati ya 2001 na 2006, walikadiria zaidi ya watu 86,000 kwa mwaka walioumia kwa kuanguka kwa sababu ya paka na mbwa, na asilimia 88 ya visa hivyo vilikuwa vya mbwa. Wengi walivutwa au walijikwaa. Mbwa wetu mara nyingi hawafungwi kamba, kwa hiyo kuvutwa si tatizo kubwa. Kujikwaa ndiko hasa, maana mbwa mzee asiyesikia halali popote ila mlangoni, na hasogei unapokuja na magongo yako. Mfunge njuga ndogo shingoni kama ya mbuzi, utajua alipo hata umeme ukikatika. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa itandikwe magunia au mkeka mkuukuu pale anapopita, nawe usikanyage ukingo wake. Kucha zake zikatwe, zikiwa ndefu humtelezesha. Kama hali yake ni ya kudumu, fundi wa ngozi anaweza kumshonea mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni. Bombolulu haijawahi kukosa mafundi wa kazi hiyo tangu APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, ilipofungua karakana zake mwaka 1969, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza vito, nguo, vinyago na vitu vya ngozi.

Usiku una taabu yake. Mbwa mzee anaweza kupoteza hesabu ya saa. Analala mchana kutwa, kisha saa tisa za usiku anazunguka ua, anabwekea ukuta, anakwama pembeni asijue kurudi nyuma. Ni ugonjwa wa ubongo unaozeeka, unaofanana sana na usahaulifu wa wazee wetu. Majirani wakiuona husema kichaa cha mbwa, na siwalaumu kwa tahadhari yao. Tofauti iko kwenye kasi. Uzee huja kwa miezi. Kichaa huja kwa siku: tabia inageuka ghafla, anashindwa kumeza, mate yanamtiririka, taya linaanguka, anang'ata bila kuchokozwa, anapepesuka, na kwa kawaida hafiki siku ya kumi. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya kila mwaka haina umri wa kustaafu. Kadi ya chanjo ya mbwa iwe mkononi mwa yule kijana kabla hujalazwa. Akiumwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kuwa na nyuzi tumboni si sababu ya kuahirisha sindano hizo.

Chakula na joto havina maneno mengi. Mbwa mwenye meno mabovu apewe ugali laini na omena iliyolowekwa ikatolewa chumvi, mara mbili kwa siku, na mifupa iliyopikwa asipewe, huvunjika vipande vyenye ncha. Kibanda cha mabati wakati wa kaskazi ni tanuri, kiezekeni kwa makuti au kihamisheni chini ya mwembe. Yule kijana amfunue mdomo kila baada ya siku mbili aangalie ufizi. Ukiwa mweupe, au damu ikitoka puani, huenda kupe wameshamwachia ugonjwa wa damu, na hilo halisubiri upone.

Huwa naombwa pia, kwa sauti ya chini, nimpumzishe mbwa kabla ya mwenyewe kulazwa kwa kuwa hakuna wa kumtunza. Mbwa anayeteseka, asiyekula wala kuinuka hata akisaidiwa, nitalizungumza jambo hilo na mwenye mbwa bila kuzunguka. Mbwa anayekula vizuri na kutikisa mkia hauawi kwa sababu ya ngiri ya mtu. Hapo nauliza kama jirani ameulizwa, na mara nyingi hajaulizwa.

Wiki ya sita ikifika na daktari wako akikuruhusu, rudi kazini kwa hatua. Anza kwa kumchana manyoya ukiwa umeketi, kisha bakuli, likiwa juu ya tofali mbili ili msiiname, wewe wala yeye. Leso iwe ya baadaye, na kamba, kwa wanaotumia kamba, iwe ya mwisho. Usiizungushe kwenye kifundo cha mkono; ishike kwa kiganja ili uweze kuiachia. Siku za mwanzo kijana awe anatembea nanyi, na jioni ukisikia kidonda kinavuta, mrudishie kamba wiki nyingine.